Ndara Chini ya Sinki

Nyumba ya geti la kahawia,
Mkabala na karakana ya viti.
Jumatano, tarehe 12, mwezi wa tatu.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti lako limetulia, na kwamba baridi ya huko haikulazimishi tena kulala na soksi mbili mbili. Sisi huku hatujambo. Mama, wifi yako, ni mzima. Anakula, anagomba, na bado anatafuta miwani iliyo kichwani mwake. Wanangu wamerefuka mpaka suruali zinawakimbia. Mimi mwenyewe mwili hauna neno. Roho ndiyo ilikuwa na lake, na ndiyo maana barua hii nimeianza mara tatu nikaichana mara tatu.

Barua yako ilifika salama. Mama aliisoma kwa sauti sebuleni, na alipofika pale unapompongeza Kitinda kwa kupata kazi ya ukaguzi wa umeme katika ofisi ya majengo, alirudia mara mbili. Nilihesabu mistari, Shangazi. Mdogo wangu kapata sita. Mimi nilipata mmoja, na huo ulikuwa unauliza kama bado nakoroma. Ndiyo, bado nakoroma.

Sasa nikuambie ukweli, maana wewe ndiye mtu pekee katika ukoo huu niliyewahi kulia mbele yake na asinitangaze. Nina wivu na Kitinda. Si ule wivu wa kutaniana. Ni wivu wa kumwona mtu anakula nikatamani chakula kiwe na chumvi nyingi.

Mimi ndiye niliyerithi koleo la baba, kaka yako. Miaka ishirini na mitatu napanda juu ya dari za watu, vumbi puani, buibui shingoni. Kitinda alisoma chuo, akarudi na kitambulisho cha kuning'iniza kifuani na muhuri wa ofisi, na sasa anaandika "imefaulu" au "haijafaulu" chini ya kazi za watu walioanza kufunga taa yeye akiwa bado ananyonya. Waliosema mla ni mla leo, mla jana kala nini, nadhani walikuwa na mdogo wa namna hii. Picha yake akiwa na sare iko juu ya friji ya mama. Yangu ya harusi iko nyuma ya kalenda.

Sasa nije kwenye chumba tulichokuongezea hapa nyumbani, utakapohamia. Kimekwisha, na ni kizuri. Dirisha linatazama uani, na nimekuwekea soketi karibu na kitanda ili usiinuke kila ukitaka kuchomeka redio. Lakini siku hizi nyumba haiongezwi chumba kienyeji kama zamani. Kabla hujavuta hata waya mmoja, unachukua kibali. Kabla fundi wa plasta hajaziba ukuta, mkaguzi anakuja kuangalia kilichomo ndani. Kazi ikiisha anarudi na mita yake, anapima, kisha anabandika stika kwenye swichi kubwa. Ya kijani, mnahamia. Nyekundu, hakuna mtu kulala humo mpaka kasoro irekebishwe na kukaguliwa upya.

Fomu yenyewe ina sehemu tatu za kutia sahihi: mwenye nyumba, fundi, mkaguzi. Mama alifurahi kwamba karatasi moja itabeba majina ya watu watatu wa nyumba moja. Mimi niliona nakaguliwa na mtu niliyekuwa nikimfunga kamba za viatu.

Alipokuja mara ya kwanza, kuta zikiwa wazi, nilimfuata nyuma nikiomba akose pa kushika. Hakuona kosa. Akasema, "Kazi safi, kaka." Sijui nani alimwomba maoni. Mama akamletea chai kwenye kikombe cha wageni, kile chenye mstari wa dhahabu. Yangu ilikuja kwenye kikombe cha plastiki ambacho wanangu wamekitafuna mkono.

Mara ya pili ilikuwa Jumanne ya juma lililopita. Alipima soketi za chumba chako zote, zikawa sawa. Ndipo akapima ethi, ule waya ambao kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme unaovuja, usije ukampitia binadamu. Utakumbuka baba alivyokuwa akifanya: waya wa ethi aliufunga kwenye bomba la chuma la maji, pale ukutani jikoni, kwa kuwa bomba linazama ardhini na kwenda mbali. Nyumba nzima aliifunga hivyo. Nami chumba chako nikakiunganisha na waya huohuo wa baba, kwa majivuno kabisa, nikalikaza lile bano la kwenye bomba mara mbili.

Mita ilikataa. Kitinda akapima tena, ikakataa tena. Nikamwambia labda betri ya mita yake imechoka. Akatoka nje, akachuchumaa karibu na geti, akaanza kuchimbua udongo kwa bisibisi.

"Kaka, hebu njoo uone."

Chini ya udongo palikuwa na bomba la plastiki.

Shangazi, mwaka jana watu wa maji walibadilisha mabomba ya mtaa mzima. Nilikuwepo. Niliwaazima sepeto. Lile bomba jipya lilikuwa limeviringishwa mbele ya geti letu, nami nikalikalia nikinywa chai, nikawapa na mawaidha ya kazi. Fundi wa miaka ishirini na mitatu nimekalia plastiki, na sikuwaza hata mara moja waya wa baba unaishia wapi. Tangu siku ile ulikuwa hauishii popote. Kifaa chochote kikivuja umeme mle ndani, hauna njia ya kwenda ardhini. Unabaki kwenye bomba, kwenye sinki, kwenye mwili wa friji, ukimngoja mtu mwenye miguu mibichi.

Kitinda akarudi jikoni akamuuliza mama, "Mama, bomba hili halijawahi kukuchapa?"

"Halijawahi," mama akasema. Alijibu kabla swali halijaisha.

Sote wawili tukatazama chini. Chini ya sinki palikuwa na ndara zake za mpira. Juu ya bomba palikuwa na kitambaa kikavu, kimekunjwa vizuri. Kitambaa hicho nilikuwa nimekiona kila siku kwa miezi, na nilidhani ni cha kuzuia matone.

Kitinda alizima umeme wa nyumba nzima, akabandika stika nyekundu, akaanza kujaza fomu. Akaniuliza jina la fundi.

"Hulijui?"

"Fomu inauliza, kaka."

Nikamtajia herufi moja moja, polepole, pamoja na jina la baba yetu, ili aone aibu. Aliandika yote kwa utulivu, na utulivu wake ndio ulionikera kuliko stika. Nilimwambia kosa ni la watu wa maji. Nilimwambia pia kwamba tangu apewe muhuri alikuwa anasubiri siku ya kuligonga jina langu. Hilo la pili nimelijutia, ila nilipolisema lilikuwa tamu.

Asubuhi yake nilikwenda kwa mama nikamkuta anaosha vyombo. Umeme hakuna, nyumba imezimwa, na bado kavaa ndara. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akaendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata.

"Si nilikwambia? Mwezi wa saba. Nilikwambia bomba linanitekenya mkono."

Nikakumbuka, Shangazi. Nilikuwa nimetoka kazini, nimechoka, na siku hiyo ndiyo niliyoikuta ile picha ya Kitinda imehamia juu ya friji. Unajua nilimjibu nini mama yangu? Nilimwambia, "Basi kamwite mkaguzi wako." Sikuligusa hata bomba. Nilikunywa maji nikaondoka.

"Nikaona nikimwambia yeye, ataliandika jina lako vibaya," mama akasema. "Nikirudia kwako, utaona nimekuchoka. Nikanunua ndara."

Miezi minane. Miezi minane mama anakaribia sinki lake kama mtu anayepita karibu na mbwa wa jirani, ili wanawe wawili wasipimwe kwenye mzani mmoja. Nami miezi hiyo yote nilikuwa na hakika kwamba moyoni mwake sina hata kibaraza. Nilipoingia chumbani kwako kuchukua vifaa vyangu nilikuta jozi nyingine chini ya kitanda. Mpya, ya saizi yako, bado ina karatasi ya dukani.

Nilikaa juu ya kitanda chako kwa muda. Samahani, shuka limechafuka kidogo.

Alhamisi nilikwenda ofisini kwa Kitinda kuomba ukaguzi wa marudio. Nilikaa kwenye benchi na watu wengine, fomu mkononi, jina langu likiwa limekaa juu ya neno "haijafaulu". Aliponiona alitoka. Nikamweleza habari ya mwezi wa saba, yote, pamoja na lile neno nililomjibu mama. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuvuta waya kwenye dari ya bati saa sita mchana. Nikamwambia nitapigilia ethi mpya mwenyewe, aje akague.

Akaniambia udongo wa pale nyumbani ni mgumu, kwa mtu mmoja siku haitoshi. Nikamkumbusha kwamba sheria ya ofisi yake hairuhusu mkaguzi kukagua kazi aliyoishika kwa mkono wake mwenyewe. Nilisema hivyo nikitaka abaki na kalamu yake.

"Basi atakagua mwenzangu," akasema. "Mimi nakuja na nyundo."

Jumamosi akaja kweli, kavaa suruali ya zamani, kitambulisho hakipo. Tulipigilia ethi rodi, ile fimbo ndefu ya shaba, nyuma ya jiko, kwa zamu. Alipata malengelenge baada ya zamu mbili, na sitakudanganya, niliyatazama kwa raha. Kisha tukafunga ile swichi inayokata umeme yenyewe pindi ukivuja. Mwisho nikatafuta kinachovuja, na nilikipata mimi, si yeye. Ni friji. Waya wake umechubuka kwa nyuma, pale unaposuguana na ukuta. Friji ileile yenye picha ya mkaguzi juu yake. Nikamwita aone kabla sijaubadilisha waya. Tukacheka mpaka mama akaja kuuliza nani kaumia.

Juzi Jumatatu alikuja mwenzake, mama mmoja mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu, asiyejua kucheka na asiyetaka chai. Alipima kila kitu, hata nilivyotaka asipime. Akachana stika nyekundu, akabandika ya kijani, akawasha umeme. Kwenye fomu ya marudio nipo mimi, yupo mama, na yupo yeye. Jina la Kitinda halimo popote, na ndiye aliyechimba zaidi.

Kisha mama akaja jikoni. Kavaa ndara. Kile kitambaa nilikuwa nimekiondoa, kwa hiyo bomba lilikuwa tupu. Akasimama mbele yake mikono ikiwa imeshika upande wa nguo. Mkaguzi yuko pale na muhuri wake. Kitinda yuko pale na chuo chake. Mama akawapita wote kwa macho akaniangalia mimi.

"Nifungue?"

Shangazi, nimeungoja mwaka mzima mtazamo ule. Nilikuwa na maneno yake tayari, ya kishujaa, na Kitinda akiyasikia. Ulipofika, niliyaweka kando. Nilivua viatu, nikavua soksi, nikakanyaga pale sakafuni penye maji, nikalishika bomba kwa kiganja chote, nikalifungua. Nikaliacha litiririke mpaka yule mkaguzi akasema maji yanapotea bure.

Ndipo mama akavua ndara.

Usidhani nimepona. Kitinda akipewa kikombe cha dhahabu bado nakitazama. Na ukimwandikia mistari sita tena nitaihesabu. Ila sasa nikihisi wivu unaanza, nauliza kwanza kama kuna bomba linalomtekenya mtu.

Njoo basi, chumba kinakungoja. Ndara zako nimezirudisha dukani. Mama kakataa kuzitupa zake, anasema ni za kutokea nje, na kweli ameziweka mlangoni.

Msalimie Mjomba wa Saa na umwambie asikate tamaa, saa yangu aliyoitengeneza bado inapoteza dakika kumi. Wasalimie pacha wako, binamu mwenye duka, na yule mpangaji wako anayeogopa paka. Kitinda anakuamkia, ameniomba niandike hivyo, nami nimeandika bila kupunguza neno. Mungu akulinde njiani, akufikishe ukiwa na goti lako zima na mizigo yako yote.

Ni mimi mwanao nikupendaye, hata kwa mstari mmoja,

Fundi wako