Fukusi Hawakula Mahindi

Eldoret
Jumatatu, 2 Juni 2025

Mpendwa dada Akumu,

Baba alisema jana kwamba hataki jina lake liwekwe kwenye tangazo la mchezo. Alisema mbele ya kikundi kizima, nami nilikuwepo. Naanza na hilo kabla hujalisikia limetiwa chumvi. Sasa nikusalimu. Hujambo wewe, hajambo shemeji, na watoto wamepona mafua? Huku tu wazima. Baridi ni kali, mahindi ya upande wa Burnt Forest yamefika magotini, na Baba anakula vizuri ila miguu inamsumbua. Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwa simu wewe hukatiza watu.

Lynette, binti wa Waweru mwenye duka la nafaka, ana kikundi cha vijana wanaotaka kuigiza "Mlinzi wa Ghala" ya Baba. Amepata ukumbi na kuchapisha matangazo yenye maandishi mekundu: Mchezo Uliopigwa Marufuku. Alikuja nyumbani kuomba kitu kimoja, ule mwisho wa kwanza, ambao sote tumekua tukiambiwa kwamba serikali ya chama kimoja iliukata. Mwisho ulioonyeshwa mashuleni anao: wananchi wenye njaa wanauliza mahindi yako wapi, mlinzi anajibu kwamba fukusi, wale wadudu wa nafaka, wameyala, basi. Alisema vijana wake hawawezi kuuigiza bila kucheka, maana ni fukusi gani hao wanaokula hadi magunia na kufagia sakafu.

Jumamosi Baba alikwenda mazoezini. Mwanzoni alifurahi. Alimwambia Marvin, anayeigiza mlinzi, kwamba anatembea kama tajiri wa Elgon View anayetafuta mbwa wake. Walicheka. Kisha mlango ukafunguliwa, akaingia Nderitu, afisa wa utamaduni wa kaunti, amevaa koti na kushika faili. Baba akagonga sakafu kwa fimbo, mara mbili.

Wewe utakumbuka maana yake. Mimi wakati ule nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Mgeni akiingia, fimbo inagongwa, na waigizaji wote wanahamia maneno ya salama. Vijana hawa hawakujua. Walimtazama tu. Baba alipoona hakuna anayehama aliinuka mwenyewe, akapaza sauti: "Fukusi! Fukusi wameyala yote!" Marvin akamwambia polepole, "Mzee, huyu ni wa viti tu." Na kweli Nderitu alikuwa amekuja kuuliza waletewe viti vingapi. Aliomba radhi, akasema angejua angepiga hodi.

Tulipofika nyumbani Baba hakutaka chai. Aliniambia kwamba mchezo haukukatwa na mtu. Aliupeleka ofisi ya wilaya kuombewa leseni kama sheria ilivyotaka, ukarudi na muhuri, hakuna mstari uliofutwa wala swali lililoulizwa. Siku zilezile mwalimu Wahome, aliyekuwa wa kwanza kuigiza mlinzi, alikuwa amechukuliwa darasani kwa sababu ya wimbo uliotungwa na wanafunzi wake. Aliporudi alizungumza habari za mvua tu. Kwa hiyo muhuri usio na swali ulimtisha Baba kuliko kalamu nyekundu. Aliamini wanataka ayaseme kwanza maneno ya mwisho ule mbele ya watu, ndipo wamchukue. Aliutoa ukurasa wa mwisho kwa mkono wake, akauchoma jikoni, kisha akawaambia waigizaji kwamba ofisi imekata. Tangu hapo watu wanamsifu kama mtu aliyepigwa marufuku, naye hakuwahi kuwasahihisha.

Nilimuuliza, kama ambavyo ningemuuliza yeyote, ukurasa ule ulisema nini. Anakumbuka mahali taa ilipowekwa. Anakumbuka kwamba mlinzi anapotaja fukusi, binti yake anamkatiza na kutaja aliyepakia mahindi kwenye lori. Maneno yenyewe hana. Anasema akiyatafuta anapata fukusi tu, hata akioga.

Hayo ndiyo aliyowaeleza vijana jana, kisha akakataa jina lake. Lynette akasema maandishi mekundu atayabandikia karatasi, lakini jina atalibakiza. Baba alisema haweki jina kwenye mchezo alioutoa moyo mwenyewe. Marvin akamuuliza, kwa heshima, kama hawakuukata mchezo, basi ni nani aliyemtisha.

Dada, binti wa mlinzi ulikuwa wewe. Mashuleni kote ulisimama na debe lako bila neno, lakini kabla ya hapo ulikaririshwa maneno yale sebuleni kwetu. Wewe peke yako ndiye unayeweza kuwa nayo. Baba amenikataza nisikuombe. Anasema alimnyamazisha mtoto wake kabla hata hajaambiwa amnyamazishe, na hana haki ya kumrudia leo kudai maneno hayohayo. Kwa hiyo anayeomba ni mimi. Ukiyakumbuka, hata nusu, mpigie Lynette. Namba yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Usipoyakumbuka, sema hivyo, wala usitunge. Lynette amesema katika hali hiyo binti atasimama mbele ya watu, atafungua mdomo, na taa itazimwa hapo.

Msalimie shemeji na watoto, na majirani wanaotuulizia. Jirani yetu Maximilla anakusalimu sana, anasema ile sufuria yake kubwa bado anaisubiri. Mazoezi ya mwisho ni Alhamisi tarehe 12, saa kumi jioni. Mchezo ni Jumamosi tarehe 14, na Baba amekubali kukaa safu ya mbele.

Ndugu yako,
Oyugi