Soksi za Mpiga Dramu

Baba Synne,

Supu ya samaki iko jikoni, ipashe. Synne avae koti la mvua.

Asubuhi nilikuwa nahariri video ya ile bendi ya roki, wale wanaojipaka nyuso kama maiti. Mpiga dramu kavua viatu, na soksi zile nyekundu nilizifuma mimi! Kumbe ndiyo yale mazoezi ya kwaya unayoniaga kwenda? Jumamosi nzima nimekurekodi mle ghalani mwao, nakufokea kama mtu baki, nawe ukajifanya hunijui!

~~Nimekukata kwenye video nzima.~~

Hapana, nimekuacha. Nilipotoka kufuata betri, kamera iliendelea kurekodi. Ulicheka mpaka ukaangusha vijiti.

Mbona hapa mezani kwetu hucheki hivyo?

Mama Synne