Punje Iliyopungua Kwenye Rozari Yako

Mama,

Shikamoo. Kuna jambo nimelificha tangu mwaka ule nilipopunguzwa kazini na kurudi nyumbani Chanji. Nilichukua punje moja ya rozari yako nikaitia kwenye mshipi wa kuvulia samaki. Padri amekuja juzi, ameniungamisha na kunipaka mafuta ya wagonjwa. Kwake nilisema niliiba kitu kidogo cha mama, naye hakuuliza zaidi. Kitu chenyewe ni kidogo kweli. Kilichofuata si kidogo.

Nilirudi kutoka Lindi, ambako nilikuwa karani wa shirika hadi lilipouzwa. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa: maduka ya Majengo mjini kwetu yalijaa bidhaa, na watu kama mimi tulirudishwa makwetu. Nilikuja na masanduku mawili, moja la vitabu, jingine la nailoni, ndoana na chubwi za risasi za kuzamishia mshipi. Ulifungua hilo la pili, ukanyanyua chubwi kubwa kuliko zote.

"Baba," ukasema, maana nilirithi jina la baba yako, "umesoma miaka yote hiyo ukaja kuniletea mawe?"

Nikakueleza mtego niliofundishwa na jirani yangu wa pwani. Wengi hufunga chubwi imara kwenye mshipi. Yeye alipitisha mshipi katikati ya chubwi iliyotobolewa, ukawa unateleza. Baada ya chubwi alitia ushanga mgumu, kisha akafunga kipete cha chuma, na kwenye kipete kipande cha nailoni, urefu wa mkono, chenye ndoana na chambo. Baharini mkondo una nguvu, chubwi lazima iwe nzito ilale mchangani. Lakini samaki akihisi uzito, hutema. Kwa mtego ule samaki alivuta mshipi tu, chubwi ikabaki imelala. Ushanga ulilinda fundo lisigongwe na risasi likakatika. "Bila ushanga," jirani yangu alikuwa akisema, "unawalisha samaki ndoana."

Ulikuwa unachambua maharage. Ukauliza, "Kwa hiyo samaki anadhani hajashikwa?"

"Ndiyo, mama."

"Maskini," ukasema, ukaendelea na maharage.

Nikaanza kushuka bondeni kwa lori, kupita Milepa hadi Ziwa Rukwa. Maji yake yana chumvi ukiyaonja, si kama ya bahari, lakini chuma kiliota kutu vilevile. Kambare walikuwepo. Shanga zangu za pwani zilikuwa zimekwisha, na zile za plastiki nilizonunua Majengo zilipasuka siku ya kwanza. Wiki hiyo hiyo ukanipa rozari yako, ile uliyopewa na masista siku ya kipaimara chako, niitunge upya kwa nailoni yangu kwa sababu uzi wake ulikuwa umelika. Punje zake zilikuwa za mpingo, na tundu la kila moja lilitosha mshipi wangu sawasawa. Nilitoa moja kwenye tendo la tatu, fungu la Salamu Maria kumi kama mengine, nikasogeza zilizobaki, nikafunga.

Nilikusudia kuirudisha. Lakini safari iliyofuata nilileta kambare wawili wa urefu wa mkono, nawe ukashukuru kwa rozari ile ile. Nilikuwa mtu mzima mwenye cheti na bila kazi. Samaki ndio waliokuwa heshima yangu pale nyumbani.

Ijumaa jumuiya yetu ya kanisa ilisali uani kwetu, wewe ukiongoza kama kawaida. Kwenye tendo la tatu ulifika Atukuzwe Baba huku akina mama bado wanasubiri Salamu Maria ya mwisho. Jirani yetu mmoja akacheka. "Bibi, leo umempunja Mama Maria."

"Atanivumilia," ukajibu. "Mimi naye tumezeeka pamoja."

Wiki ya pili ikawa vilevile. Ya tatu hakuna aliyecheka. Mwenyekiti wao alikuja akakwambia kwa adabu kwamba umefanya kazi ya kutosha, upumzike, kiti chako cha mbele kitakuwepo daima.

Baada ya hapo ukaanza kumwuliza mke wangu kama umeshatia chumvi. Wewe uliyetaja ukoo wetu hadi babu wa nne bila kusita ukaacha kwenda Majengo peke yako, usije ukapotea. Ufunguo wa ghala la mahindi na ulezi ukamkabidhi mke wangu. Uliishi miaka sita ukijichunga hivyo hadi ukafariki, na hakuna hata siku moja uliyopotea.

Sasa zamu ni yangu. Binti yangu ananitunza vizuri. Nikimwambia nimekunywa dawa, anasema sawa baba, kisha anahesabu vidonge kwenye chupa. Simlaumu. Lakini kila anapohesabu, nakukumbuka.

Nakuaga hapa. Utanipokea au utanikataa, vyote ni haki yako. Limebaki moja ambalo sikumwambia padri.

Mwezi mmoja baada ya kuondolewa mbele ya jumuiya, uliniita kizingitini baada ya chakula cha mchana. Macho yako yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Ukanipa rozari umeibana kwa vidole kwenye tendo la tatu.

"Baba, nimezihesabu mara nyingi. Napata tisa. Lakini akili yangu siiamini tena. Wewe umesoma. Nihesabie."

Nilizipitisha moja moja kwa kidole, polepole, nawe ukinitazama. Zilikuwa tisa. Ya kumi ilikuwa chumbani kwangu, kwenye mshipi, hatua chache kutoka tulipokaa. Nikakurudishia rozari nikakwambia ni kumi.

Mwanao,
uliyemwita Baba