Mchuano wa Kumi na Nne

Jumamosi, 13 Mei 1939

Tumeshinda! Calderbank 47, wageni 37. Mikono yangu inanuka vitunguu na mafuta ya nyonyo. Harufu ya zile injini za pikipiki za mashindano haitoki hata kwa sabuni ya kufulia. Pai zangu ziliisha mapema na bado watu walikuwa kwenye foleni wakinitukana kwa heshima.

Lakini shemeji Norman leo – sijui hata niandikeje. Katika mchuano wa mwisho, kati ya kumi na minne ya mechi, alikuwa mbele peke yake. Angemaliza zake akaja kunywa chai. Badala yake akapunguza moto, akamsubiri mwenzake Eric, akamweka upande wa ndani, yeye akakaa nje kumkinga. Wakaja hivyo hivyo, bega kwa bega, mizunguko miwili mizima, kiatu cha chuma cha Norman kikichora mstari kwenye majivu ya mkaa yaliyotandazwa uwanjani. Wageni wakatafuta pa kupita. Wapi! Na hizi ni pikipiki zisizo na breki, gia moja tu. Mimi baiskeli hunishinda kwenye mteremko wa kanisani.

Nilimpa pai iliyoungua, akaila yote.

Jumatatu, 15 Mei

Dada Ivy alipita jioni. Kuhusu mumewe, bila shaka. Norman ana miaka thelathini na minane na bamba la chuma mguuni. Ameapa kwamba huu ni msimu wake wa mwisho. Miaka kumi na moja ya kupanda hizo pikipiki, nahodha tangu sijui lini, na hajawahi kupata hata medali moja ya ligi. Ndiyo maana Ivy kamruhusu mwaka huu. Apate au akose, lakini aache.

Nikamwuliza kama anamwamini. Akasema Norman ameshavunja kila kitu isipokuwa ahadi, kwa hiyo anangoja tu zamu ya ahadi.

Jumamosi, 8 Julai

Marlheath wamekuja kutoka London na gari lao zuri na makoti yao ya kufanana. Tumewapiga kwa pointi mbili! Sasa wao na sisi tunafukuzana kileleni, wengine wote wako nyuma huko.

Nahodha wao ni yule Mwaustralia, Clarrie Dunstan. Mrefu, meno mengi, hana aibu. Alikuja dirishani kwangu na uso mweusi tii kwa majivu.

"Dada Hettie, hii chai umeipika au umeiokota?"

"Kunywa. Huko kwenu mnakunywa maji ya kondoo."

"Ndiyo, na yana ladha kuliko hii."

Akaomba kikombe cha pili. Nikamwona baadaye na Norman wamechutama nyuma ya karakana, wamefungua injini ya Clarrie, Norman akimwonyesha kitu kwa kidole. Injini ya adui! Nilipomwuliza, akasema: "Shemeji, nikimshinda mtu mwenye injini mbovu nitakuwa nimeshinda injini." Hayo ndiyo mambo yao wote hawa, kuazimana vifaa, hata pikipiki nzima, halafu dakika mbili baadaye wanasukumana kwenye kona kama wana kesi. Lakini Norman amezidi.

Alhamisi, 24 Agosti

Habari ni mbaya. Kila redio mtaani inasema jambo moja. Wametugawia vinyago vya kukinga gesi ya sumu, vinanuka mpira, nikakijaribu changu mbele ya kioo nikacheka peke yangu halafu sikucheka tena.

Kwenye msimamo wa ligi tuko pointi moja nyuma ya Marlheath. Watakuja tena hapa Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe mbili. Norman hazungumzii vita. Anasuuza minyororo yake kwa mafuta ya taa, mmoja baada ya mwingine. Ivy anasema usiku anaota akikata kona, mguu unamrukaruka.

Ijumaa, 1 Septemba

Wajerumani wameingia Poland.

Kuanzia leo hakuna taa nje, hata moja, ndege za adui zisituone. Nimetundika mablanketi madirishani. Barabara nyeusi, watu wanagongana na kuombana radhi.

Ofisi ya ligi ilimpigia simu meneja. Mechi ya kesho ipo, lakini ni mchana, kwa sababu ya taa. Na baada ya kesho, basi. Mechi zote zilizobaki zimefutwa. Atakayekuwa juu kesho jioni ndiye bingwa.

Maana yake: tukishinda, kombe ni letu na Norman ana medali yake. Sare haitoshi, watabaki juu yetu kwa ile pointi moja. Norman alipoambiwa alikaa chini kwenye kreti langu la maziwa. Akasema, "Kesho, kumbe." Hilo tu.

Jumamosi, 2 Septemba

Naandika kwa mshumaa, na nina hasira kiasi cha kuvunja sahani.

Marlheath walichelewa. Barabara zimejaa malori ya jeshi na mabasi ya watoto wanaohamishwa kutoka mijini. Tulianza saa kumi na moja imepita. Watu wengi sana, kila mmoja na kiboksi chake cha kinyago shingoni, na skafu zao za bluu. Waliimba mpaka nikasahau kuogopa.

Baada ya michuano kumi na miwili: sisi 38, wao 34. Imebaki miwili, na katika kila mmoja wa kwanza hupata pointi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja. Katika wa kumi na tatu, Norman na Eric upande wetu, Clarrie na mwenzake upande wao. Wanne wamejipanga kwenye utepe wa kuanzia. Ghafla injini ya Clarrie ikakohoa, ikafa. Mnyororo umekatika, unaning'inia.

Sheria iko wazi. Mwamuzi anampa muda kidogo, akishindwa anaondolewa. Clarrie akiondoka hapo, mambo yamekwisha! Tungebaki wawili dhidi ya mmoja, na Norman hawezi kushindwa na yule mwenzake hata akiendesha kinyumenyume. Mahesabu yote uwanjani yalishafanywa, watu walishaanza kukumbatiana. Hata mimi nilimkumbatia mwuza karanga.

Norman akashuka. Akaegemeza pikipiki yake kwenye ua. Akatembea – na lile goti lake, anatembea polepole – mpaka karakana, akatoka anaisukuma pikipiki yake ya akiba. Ile nzuri. Akampa Clarrie.

Waliokumbatiana wakaachiana. Mtu mmoja nyuma yangu akasema jambo kuhusu mama yake Norman, nikageuka nikammwagia chai viatuni. Lakini moyoni nilikuwa nimesema hilo hilo.

Walipoanza upya, Norman alikuwa mbele, mzuri sana, begani mwake hakuna mtu. Mzunguko wa tatu Eric akateleza akaanguka kwenye kona, katikati kabisa. Norman alipozunguka akamkuta bado anajiokota, akakata kwenda ukutani ili asimpitie juu. Clarrie akapita. Mwenzake akapita. Norman wa tatu.

Thelathini na tisa kwa thelathini na tisa. Umebaki mchuano mmoja.

Na hapo giza. Wingu kubwa la radi lilikuwa limefunika nusu ya mbingu, mwamuzi akasema haoni kona ya mbali na taa ni marufuku. Zile dakika za kuifuata pikipiki ya akiba zilikuwa zinatosha mchuano mzima! Akasema mchuano wa kumi na nne utasubiri uamuzi wa ofisi. Mvua ikapiga, watu wakakimbia.

Dereva wa Marlheath kakataa kuendesha bila taa. Wanalala ukumbi wa kanisa.

Nilimfuata Norman karakanani. Nikamwambia: shemeji, medali ilikuwa mkononi mwako. Akaniambia anajua. Akalia kidogo, akajifuta kwa kitambaa cha grisi, uso ukawa vibaya zaidi. Nikamwuliza kama angerudia tena angefanya nini. Akaniangalia kana kwamba sijauliza swali.

Ningemchapa. Sijui mtu mwingine kama yeye katika mji huu. Yote mawili ni kweli.

Jumapili, 3 Septemba

Waziri mkuu kasema saa tano na robo asubuhi. Tuko vitani. Ivy alizima redio akaendelea kumenya viazi, akamenya vingi mno, hatutavimaliza wiki nzima. Baadaye wakatangaza: sinema zimefungwa, viwanja vyote vya michezo vimefungwa, mikusanyiko marufuku. Eric kaondoka na treni ya alfajiri kujiunga na kikosi chake. Meneja anapiga simu ofisi ya ligi, inalia tu. Hakuna bingwa, basi. Hakuna kitu.

Tulikuwa mezani mlango ukagongwa. Clarrie Dunstan, na nguo za jana, ameisukuma pikipiki ya Norman toka kanisani. Ameisafisha inang'aa.

"Nimeleta mali ya mwenyewe," akasema. "Lakini kabla sijairudisha, mzee, kuna mchuano mmoja."

Norman akasema uwanja umefungwa, mwamuzi hayupo, Eric hayupo, na hautahesabiwa.

"Wewe na mimi. Atakayeshinda ameshinda mechi. Mimi nitajua, nawe utajua."

Norman akamtazama Ivy. Nikajua amekwisha, kwa sababu msimu umeisha na ahadi ni ahadi.

Ivy akaweka kisu chini. "Mimi nilikubali mpaka mechi ya mwisho iishe," akasema. "Imeisha?"

"Haijaisha."

"Sasa unaniangalia nini?"

Nilitamani kumpigia makofi, dada yangu huyu.

Niko kibandani kwangu sasa, naandika kwenye kaunta wakati wanapasha injini moto. Meneja alifungua lango halafu akajidai ameupoteza ufunguo. Ivy na wale vijana wa Marlheath wamelisawazisha jivu kwa reki, viatu vya kanisani vimeharibika. Mimi nitainua utepe, maana mwamuzi hayupo na kila mtu mwingine ana upande. Kana kwamba mimi sina!

Kelele zimewatoa watu majumbani. Wengine walidhani ni ndege. Sasa wanaingia mmoja mmoja, wanajipanga kwenye ua wa uwanja. Watakuwa mia. Zaidi.

Konstebo Heap kaja na baiskeli, kitabu chake mkononi. Kanisogelea dirishani, akaniuliza kama najua mikusanyiko imepigwa marufuku tangu saa sita. Nimesema najua. Akauliza itachukua muda gani. Nikamwambia mizunguko minne, kabla chai haijapoa. Amevua kofia, ameiweka kwenye kaunta kando ya vikombe. Anautazama utepe.

"Mbona yule wa London ndiye kapewa ndani?" akauliza. "Ndani ndiyo njia fupi, na ni haki ya mwenyeji."

Nimechungulia. Ni kweli. Norman kamwachia Clarrie mstari wa ndani.

Wananiita. Naenda kuinua utepe, Mungu wangu!