Musafiri bila u

Kindu

Yaya Furaha, dada mukubwa mupenzi,

Amani ya Bwana ikuwe juu yako na juu ya nyumba yote pale kwetu Kama. Mugongo unakuuma bado? Ile dawa niliyomupa yule wa pikipiki ilifika? Mimi niko muzima. Keti kwanza, Yaya, njo usome.

Ulinicheka sana uliposikia muzee kama mimi anasoma ordinatere, ile kompyuta. Parokia ilituweka watano tutengeneze kwa intaneti kitabu cha waliopotea wakati wa vita. Tunafundishwa kiunzi cha kujengea kazi kwa serveur, ile mashini inayojibu maulizo ya watu. Mwalimu, binti wa Goma, alisema iko na sehemu tatu: modèle, vue, contrôleur. Mi nikaruka: "Contrôleur namujua! Njo yule anaangaliaka tikiti kwa treni!" Wenzangu wakakufa na kicheko.

"Papa Alimasi, huyu hana treni," akasema. "Anapokea ulizo lako, anaenda kuangalia kwa modèle, kule majina yanawekwa, halafu anakuletea jibu kwa vue, pale macho yako yanaona."

Sasa, Yaya. Tulipomaliza kuingiza madaftari ya zamani ya upande wa Lubutu, ya wale waliozikwa njiani wakati watu wanakimbia vita, niliuliza jina la mudogo wetu: Musafiri. Jibu: hapatikane. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikasema, kama haiko kati ya wafu, basi anaishi fasi fulani. Siku tatu niliimba.

Siku ya ine mwalimu akaniita pembeni. "Papa, contrôleur hana sikio la muntu. Herufi moja ikizidi, kwake ni muntu mwingine." Katekista aliyeandika lile daftari alifuata Kiswahili cha vitabu, bila ile u yetu. Nikatoa u.

Iko, Yaya. "Msafiri, kijana wa Kama. Homa. Alikuwa amebeba kichwa cha cherehani."

Njo ile mashini ya kushona ya Mama. Tulipokimbia tulimusihi aitupe, akakatala, akabaki nyuma nayo.

Najua ulikatala matanga miaka yote hii. Ulisema hatulilie muntu muzima. Tulie sasa. Hakufa kama nyama ya pori; kuna mukristo alimuuliza jina, akamuzika.

Usisome hii peke yako, mwite shemeji. Musalimie mama mukwe wako, na baba mudogo mupiga kengele ya kanisa. Umwambie aipige.

Sitakuja kwanza kwa matanga, unisamehe. Nabaki kumufundisha huyu contrôleur atafute na u na bila u, mama mwingine asiimbe siku tatu bure.

Mudogo wako katika Kristo,
Alimasi