Hesabu ya Duara, Aziziya

Jumapili, 8 Machi 2015
Nguo, vyombo, bafu tatu. Halafu Hanin, binti wa madam, jikoni analia. Alhamisi atasimama mbele ya darasa kueleza wanahisabati wa India. Hajui hata mmoja. Mimi nilifundisha hesabu Kitui miaka minne. Humu nyumbani mwa Waarabu hakuna anayejua, humu mimi ni wa kupiga deki. Tumeanza na sifuri, jinsi Wahindi wa kale walivyoiandikia kanuni ikawa namba kama nyingine. Akafuta machozi. Raha niliyosikia, jamani.

Jumatatu, 9 Machi
Kumbe Waarabu wenyewe huziita namba zao za Kihindi. Tano yao ni kiduara. Mwezi wangu wa kwanza madam aliandika mayai matano, nikasoma sifuri, nikaoka keki bila yai. Hanin amecheka hadi akashika mbavu.

Jumanne, 10 Machi
Bashir, dereva wetu, ni wa Kerala, huko India. Anasema wazee wa kwao walipima duara kwa hesabu isiyoisha, kabla ya Wazungu. Akaniandikia kwenye karatasi, pale mlangoni, haraka, maana hapa mwanamke hasimami na dereva wakaongea. Moja, toa theluthi, ongeza sehemu ya tano, toa ya saba, hivyo hivyo. Kisha zidisha kwa nne. Karatasi iko kwenye aproni. Nina furaha ya kijinga.

Jumatano, 11 Machi
Laiti ningeichoma ile karatasi. Sikio la kufa halisikii dawa. Madam ameikuta, akaona tarakimu, akadhani ni namba ya simu ya Bashir. Mapenzi, ati. Kesho narudishwa kwa ajenti aliyenileta kazini, halas, imekwisha.

Hanin akaja na kikokotoo, akaifuata karatasi hatua kwa hatua. Nne. Mbili nukta sita. Tatu nukta nne. Inapanda, inashuka, kila mara inazidi kuikaribia ile tatu nukta moja nne ya duara tuliyosoma shuleni. Madam akaketi. Akampokonya mtoto kikokotoo. Yalla, endelea, akaniambia. Tulifika mara ishirini, wali ukaungua. Akauliza nimejulia wapi. Nikasema ukweli, nilikuwa mwalimu.

Alhamisi, 12 Machi
Hanin kapigiwa makofi. Mimi bado niko.

Jumapili, 15 Machi
Madam ameamua: kila alasiri niketi mezani nifundishe hesabu, Hanin na binti wa jirani. Leo nimewapa hadithi ya karani mmoja wa kusini mwa India aliyejisomea mwenyewe akawashangaza maprofesa. Maswali hayakuisha. Nilipokumbuka nguo nje nikatoka mbio. Kamba ilikuwa tupu. Madam alikuwa barazani anazikunja. Akaniashiria kwa mkono nirudi ndani.