Kichwa cha Benício

Jumatatu, 5 Mei

Leo mamake Jussara, mkwe wangu, kapiga simu ya video kutoka São Paulo. Kamtazama mjukuu wetu, kacheka. Eti Benício ameshapata kichwa cha watu wa kwetu — kichwa bapa! Ndivyo wanavyotutania huko Kusini sisi watu wa Ceará, huku kaskazini: kwamba baba zetu walitupiga vikofi utosini tangu wachanga, wakituambia kueni upesi mwende São Paulo kutafuta kazi. Nimecheka na mimi, kwa adabu. Moyoni nimefura.

Maana kweli ni bapa. Kisogoni, upande wa kulia, kama kimekandamizwa na ubao. Na nywele zimenyonyoka hapo. Nimemwambia Jussara: mnamlaza chali mchana na usiku kama maiti, mlitegemea nini? Wangu wote walilala kwenye machela, kitanda cha kitambaa cha kuning'inia, wakibembezwa, na vichwa vyao mviringo kama matikiti. Erivaldo mwanangu akajikuna kisogo. Huyo ni bubu tangu aoe.

Alhamisi, 8 Mei

Zahanati. Muuguzi kampapasa kichwa, kasema mifupa haina ubaya, umbo litarudi. Lakini kulala ni chali, daima. Godoro gumu, hakuna mto, hakuna machela. Akiwa macho ndiyo alazwe kifudifudi, mtu akimwangalia, na abebwe sana mikononi. Na kitandani tubadilishe upande wa kichwa, maana anapinda shingo kutazama dirisha tu.

Nikamuuliza: na akicheua je, si atapaliwa? Kasema mtoto mwenye afya hukohoa au humeza mwenyewe, hata akiwa chali. Kasema polepole, kama anamfundisha mtoto kuhesabu. Sikupenda.

Juni Jussara anarudi kazini, duka la dawa. Nimesema mtoto abaki nami. Kasema tutaona. Tutaona nini? Nimelea watano!

Ijumaa, 9 Mei

Siku mbaya.

Jussara alikwenda kuoga. Nikamlaza mume wangu mdogo kiubavu, upande ule mzuri, nikamwekea mto wa pamba niliomshonea mwenyewe. Nikaenda kugeuza tapioka, chapati ya muhogo, jikoni. Kurudi — Jussara keshamnyanyua, maji yanamchuruzika. Mtoto alikuwa amebiringika, uso ndani ya mto. Mwekundu, jasho tele, pua imebonyea. Alikuwa anapumua. Alikuwa anapumua, Mama Maria asante.

Jussara hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kasema, "Mama, nikiwa kazini nitawaza nini?"

Nikamjibu kwamba wangu hawakufa. Nikatoka uani. Mwandiko wa leo ni kama njia ya kuku. Nimewasikia yeye na Erivaldo wakizungumza habari za kituo cha kulea watoto.

Jumapili, 11 Mei

Siku ya Akina Mama. Erivaldo kaniletea shampuu.

Nimeufumua ule mto. Pamba nimempa jirani yangu Lindalva, ajazie mdoli. Kauliza kulikoni. Nimemwambia unanuka.

Jumanne, 20 Mei

Kumlaza kifudifudi akiwa macho ni vita. Analia kama anachinjwa. Nimepata dawa: najilaza mimi mkekani, namweka kifuani, uso kwa uso. Hapo ananyanyua kichwa ili anitazame. Kinayumba kama cha mlevi. Namwambia bwana wee, mkeo ni huyu huyu, mzoee. Anacheka, fizi tupu. Akianza kusinzia tu, nainuka naye, kitandani, chali. Magoti yananilaani.

Jussara alisimama mlangoni akitutazama. Kisha akasema, "Tujaribu, Mama, abaki nawe. Ila siku nitakayomkuta kifudifudi kitandani, kesho yake anakwenda kituoni."

Nikamwambia nimesikia, si kiziwi.

Jumatano, 4 Juni

Tangu juzi tuko wawili tu kutwa. Kichwa kimeanza kuviringika — hata Lindalva kasema, na Lindalva hasifu kitu cha mtu.

Mchana huu kalala chali, kama sheria. Nimeketi kando yake nachambua maharage. Nimeinama kuokota punje. Kuinuka — yuko kifudifudi! Mwenyewe! Kutoka chali hajawahi! Nikamgeuza. Akafumbua macho, akakunja mguu, akavuta bega, akapinduka tena. Nikamgeuza tena. Kapinduka. Sasa yuko macho kabisa, kichwa juu, anatazama huku na huku kama diwani.

Nimempigia Jussara, hapokei. Nani ataniamini? Mimi, bibi wa mto!

Naandika huku jicho moja liko kwake. Pikipiki ya Erivaldo hiyo imeingia. Sauti ya Jussara, anamuuliza kama mtoto atakuwa amelala. Naweza kumgeuza sasa hivi, wamkute chali, mambo yaishe. Mkono niliunyoosha. Nimeurudisha. Hii ni mara yake ya kwanza, na mamake hajaiona.

Jussara anavua viatu. Nimesogeza kiti changu pembeni, mgongo wangu usimzibie —